Bonnie Kate

Bonnie Kate ni rili ya Ayalandi, yaani muziki wa dansi ya mwendo wa kasi unaopigwa hasa kwa fidla. Kama rili nyingi, ina sehemu mbili zenye vipimo vinane kila moja. Imepata umaarufu kupitia santuri ya Michael Coleman ya mwaka 1934, ambamo imeunganishwa na rili nyingine, Jenny's Chickens. Hata hivyo mizizi yake iko Uskoti: imetokana na The Bonny Lass of Fisherrow, kazi ya Daniel Dow, mwanamuziki wa karne ya 18. Ndiyo maana historia yake haiwezi kuandikwa kwa kutegemea kitabu peke yake wala santuri peke yake. Kila ushahidi una mtu aliyeutengeneza na haja iliyomsukuma, na kila mmoja una kilichoachwa nje.

Tuanze na maandishi. Mwaka 1903 Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, alichapisha O'Neill's Music of Ireland, kitabu chenye vipande 1,850, na Bonnie Kate imo. Mkusanyaji huyo hakuwa mwepisi wa kuandika nota. Alishika nyimbo kichwani, na mwenzake James O'Neill, polisi pia na asiye ndugu yake ingawa wana jina moja la ukoo, ndiye aliyezinukuu. Basi ukurasa ule una kazi ya watu watatu: aliyepiga, aliyekumbuka na aliyeandika. Unatupa mifupa ya muziki. Madoido ya vidole, mvuto wa upinde na mabadiliko kati ya marudio havimo, kwa sababu kitabu kilikusudiwa mtu anayejua tayari rili hupigwaje. Anayekisoma bila kuwahi kusikia wapigaji atapata sauti sahihi na muziki mkavu.

Je, santuri haimalizi ubishi, maana ndani yake tunamsikia mpigaji mwenyewe? Coleman alizaliwa mwaka 1891 Killavil, Sligo, akahamia Marekani mwaka 1914, na kuanzia 1921 alirekodi santuri nyingi New York. Katika Bonnie Kate anabadilisha sehemu kwa ustadi ambao hakuna nota ya mwaka 1903 inayoudokeza. Lakini santuri nayo ina mipaka yake. Upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu, kwa hiyo mpigaji alipanga muziki wake uingie humo, ilhali kwenye dansi angeendelea hadi wachezaji wachoke. Isitoshe, kasi ya mashine haikuwa sawa kila mahali, na kasi ikipanda sauti nayo hupanda. Anayetaka kujua Coleman alipiga kwa ufunguo gani au kwa mwendo gani hana budi kuwa mwangalifu. Muhimu kuliko yote, ile ni siku moja ya mpigaji aliyejulikana kwa kutorudia kitu vilevile.

Wapo watakaosema kwamba, kama hakuna toleo la kweli, basi kufuatilia matoleo ni kupoteza muda. Hoja hii inachanganya mambo mawili. Kukosekana kwa toleo moja halali hakuondoi uhusiano kati ya matoleo yaliyopo. Santuri za Marekani zilirudi Ayalandi zikafika vijijini, na wapigaji wakazisikiliza hadi wakazishika. Kwa hiyo mpigaji wa baadaye akitoa mabadiliko ya Coleman sauti kwa sauti, tuna sababu nzuri ya kudhani alijifunza kwenye santuri ile, au kwa mtu aliyeisikia. Anayepita njia nyingine, akafanana zaidi na Dow au na O'Neill, huenda anabeba mkondo ambao mashine haikuugusa. Tofauti ambazo mhariri mwenye haraka angeziita makosa ndizo zinazoonyesha muziki umepita mikononi mwa nani. Breandán Breathnach alilielewa hilo: katika Ceol Rince na hÉireann, kitabu alichoanza kukitoa mwaka 1963, alimtaja mwanamuziki aliyempa kila kipande. Unukuzi usiotaja mpigaji una thamani ndogo sana kwa mtafiti, hata nota zake zikiwa safi.

Anayetaka kulinganisha haya mwenyewe anaweza kuanzia Dublin, kwenye Irish Traditional Music Archive iliyoanzishwa mwaka 1987, ambako rekodi na maandishi huhifadhiwa pamoja. Asikilize kwanza, kisha ndipo afungue kitabu.