Laptopu ikiamka na saa ya jana: tafuta kosa hivi

Swali hili naulizwa sana pale kijiweni: "Kaka, nikifunga laptopu ilale, nikija kuifungua saa imebaki nyuma. Tatizo nini?"

Wengi wanapuuzia, si saa ipo kwenye simu? Sikia. Saa ikikosea sana, kivinjari kinagoma kufungua tovuti za https, kwa sababu cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Namfahamu dogo ambaye siku ya mwisho ya maombi ya chuo alilipia lisaa zima la intaneti huku akilaumu laini. Laini ilikuwa nzima. Laptopu yake ndiyo iliyokuwa bado mwaka 2015.

Iko hivi. Laptopu ina saa mbili. Moja inaendeshwa na Windows au Linux mashine ikiwa macho. Ya pili ni chipu kwenye ubao mama, yenye kioo cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Mashine ikilala, ya kwanza inasimama, ya pili inaendelea. Ikiamka, mfumo unaisoma hiyo ya pili. Sasa pima tofauti:

1. Imechelewa sawa na muda iliolala. Zima uwashe upya. Ikijirekebisha, chipu ni nzima ila mfumo haukuisoma wakati wa kuamka. Apdeti mfumo na BIOS kutoka kwa mtengenezaji.

2. Masaa 3 kamili. Kama una Windows na Linux mashine moja, ndiyo hiyo. Windows inaandika saa ya hapa kwenye chipu, Linux inaandika UTC, na sisi tuko UTC+3. Kwenye Linux andika: timedatectl set-local-rtc 1. Kama una mfumo mmoja tu, kagua eneo la saa: Windows iwe (UTC+03:00) Nairobi, Linux iwe Africa/Dar_es_Salaam au Africa/Nairobi.

3. Masaa 6 kamili. Hapa kuna mtu ameseti kwa saa ya Kiswahili! Saa mbili asubuhi kaandika 2:00, wakati kompyuta inataka 8:00.

4. Tarehe inarudi miaka nyuma. Betri kubwa iliisha ikiwa imelala, na kibetri cha chipu nacho kimekufa. Mara nyingi ni CR2032 ya volti 3. Zima kabisa, chomoa chaja na betri kubwa, ndipo ufungue. Baadhi ya laptopu hazina kibetri hicho, kwa hiyo angalia modeli yako kabla ya kununua.

Ukimaliza, ilinganishe na seva ya saa. Kwenye Windows fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net start w32time, kisha w32tm /resync. Angalizo: kwa kawaida Windows ya nyumbani inakataa kusahihisha kosa linalozidi masaa 15, kwa hiyo weka tarehe kwa mkono kwanza. Na kama kafe imefunga mlango wa UDP 123, amri itagoma hata ukirudia mara kumi. Seti kwa mkono kwa kuangalia simu, fungua fomu yako, tuma. Usiunguze dakika zako bure.

Ukikwama, andika hapo chini tofauti ni kiasi gani na unatumia mfumo gani. Tutasaidiana.