Nyota ya Mkia Juu ya Ziwa Nyasa

Tarehe 20 Novemba 1835 jua lilipatwa, wakati Zwangendaba na Wangoni wake walipokuwa wakiuvuka mto Zambezi karibu na Zumbo. Giza lile lilidumu dakika chache, lakini wanahistoria wanalishukuru hadi leo. Masimulizi ya Wangoni yalilihifadhi tukio, hesabu za falaki zikatoa siku, na tarehe hiyo ikawa kigingi ambacho wengi wao wameufungia msafara mzima: safari ya magharibi mwa Ziwa Nyasa, kufika Ufipa ambako Zwangendaba alifariki katika miaka ya 1840, kisha kutawanyika kwa watu wake, baadhi wakaizunguka ncha ya kaskazini ya ziwa, jirani na nchi ya Wanyakyusa, hata wakafika Songea.

Siku nne kabla ya giza hilo, tarehe 16 Novemba, mgeni mwingine alikuwa amelikaribia jua kuliko wakati wowote wa safari yake. Ni nyota ya mkia iitwayo Halley. Ilikuwa ikizama katika nuru ya jua, na ilipoibuka tena mnamo Januari 1836, John Herschel aliipokea kwa darubini yake kule Rasi ya Tumaini Jema. Aliiandama hadi Mei, akipima mahali pake na kuandika jinsi ung'avu wake ulivyobadilika.

Kwa mwanahistoria, mgeni huyu ana upungufu. Kupatwa kwa jua hutaja siku. Nyota inayokaa angani kwa miezi hutaja mwaka tu, nao mwaka wenyewe huweza kubishaniwa. Kwa mwanafalaki mambo ni kinyume. Yeye hutaka ule ukaaji wake, mradi awepo mtu wa kuandika kila usiku: leo ilikuwa jirani ya nyota gani, na ung'avu wake ulilingana na wa nyota ipi. Mambo hayo mawili yakikusanywa, njia yake hupigiwa hesabu.

Edmond Halley alifanya hivyo mwaka 1705. Alizilinganisha nyota za mikia za 1531, 1607 na 1682, akaona ni moja, akasema itarudi mwaka 1758. Yeye alifariki mwaka 1742. Huko Ufaransa, Clairaut, Lalande na bibi Nicole-Reine Lepaute walikesha wakikokotoa jinsi Mshtarii na Zohali zitakavyoichelewesha kwa mvuto wao, wakakosea kwa takriban mwezi mmoja tu. Aliyeiona kwanza, usiku wa tarehe 25 Desemba 1758, alikuwa mkulima wa karibu na Dresden, Johann Palitzsch, aliyejisomesha falaki mwenyewe. Inapendeza kulikumbuka jambo hili kila inaposemwa kwamba elimu ya nyota ni ya wenye majumba ya darubini.

Iliporudi mwaka 1910, nchi ya Kyela ilikuwa chini ya Wajerumani, katika wilaya ya Neu-Langenburg ambayo boma lake lilikuwa Tukuyu. Baina ya ziara hizo mbili Wanyakyusa walikuwa na saa yao wenyewe. Ni ubusoka, sherehe ya kizazi kipya kupokea utawala kutoka kwa baba zao, iliyofanyika takriban kila miaka 30 hadi 35, kama alivyoeleza Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930. Mzunguko mmoja wa Halley, basi, humeza ubusoka mbili na bado hubakiza. Aliyekuwa kijana mwaka 1835, kama alikuwapo bado mwaka 1910, alikuwa mkongwe kupindukia.

Nyota ililipita jua tarehe 20 Aprili, na nusu ya kwanza ya Mei ikawa ya mashariki kabla ya mapambazuko. Hapo ufukwe wa Nyasa una sheria yake. Upande wa mashariki imesimama Milima ya Livingstone, na kila nyuzi 15 za anga zinazozibwa na mlima ni kama saa nzima ya kungoja. Anayeishi Matema, chini kabisa ya mlima, huona kila nyota ikichomoza kwa kuchelewa. Aliyeko Mwaya au Itungi, ambako maji yamemtenga na mlima, huiona mapema zaidi. Watazamaji wawili wa ziwa moja, wakiandika saa ya kuchomoza bila kutaja mahali waliposimama, wangempoteza mwenye kukokotoa.

Mwezi ulisaidia, kwa kuwa ulikuwa mchanga tarehe 9 Mei na alfajiri zilizofuata zilikuwa za giza. Mvua haikusaidia. Aprili na Mei ni kilele cha masika katika bonde la Kyela, mojawapo ya sehemu zenye mvua nyingi mno Tanzania, na wingu likikaa juu ya Songwe na Kiwira halina haraka. Kwingineko, palipokuwa peupe, mkia ulipimwa ukavuka nyuzi 100, yaani zaidi ya nusu ya anga kutoka upeo hadi upeo. Tarehe 18 na 19 kichwa chake kilipita baina ya dunia na jua; waliokuwa Hawaii walilitazama jua kwa darubini wasione hata doa, ishara kwamba kiini chake ni kidogo. Baada ya hapo ilihamia magharibi jioni, ikafika karibu nasi kabisa tarehe 20, kilomita kama milioni 23, ilhali mwezi uliokuwa ukielekea kukamilika tarehe 24 ulianza kuizima. Ulaya na Marekani gesi ya sumu ilikuwa imegunduliwa katika nyota hiyo, na watu wakaziba matundu ya funguo. Yaelekea magazeti yalitisha kuliko mkia wenyewe.

Hata hesabu za 1910 hazikulenga barabara: zilipotoka kwa siku tatu. Sababu ilieleweka baadaye, Fred Whipple alipoeleza mwaka 1950 kwamba kiini ni barafu iliyochanganyika na vumbi. Jua likiipiga, mvuke hufoka na kuisukuma nyota yenyewe, kama mtumbwi usukumwao na pondo lake. Chombo Giotto kilipita kilomita kama 600 kutoka kwenye kiini hicho tarehe 14 Machi 1986, kikapiga picha ya bonge jeusi lenye urefu wa kilomita 15 hivi. Aprili 11 ya mwaka huo nyota ilikuwa katika anga ya kusini, ambayo kwa mtu wa Itungi ni anga ya ziwani. Lakini ilikuwa hafifu, na masika yalikuwa yamerejea palepale.

Tangu hapo imefuatwa hadi mbali sana. Machi 2003 darubini tatu kubwa za Paranal, Chile, ziliunganisha nguvu zikaipata, ikiwa zaidi ya kilomita bilioni 4 kutoka hapa, hafifu mara mamia ya milioni kuliko nyota ndogo kabisa ionekanayo kwa jicho. Desemba 2023 ilifika mwisho wa njia yake, ikienda chini ya kilomita moja kwa sekunde, ikageuka. Inarudi. Italifikia jua tarehe 28 Julai 2061, ikitarajiwa kung'aa kuliko 1986, ingawa watakaofaidi zaidi ni wa kaskazini ya dunia. Julai kule Nyasa mvua hupungua na mwera huvuma.

Kwa sasa lipo vumbi lake. Watu wa nyanda hizo wanakijua kimondo cha Mbozi, tani nyingi za chuma, ambacho hakihusiani na Halley. Vimondo vyake ni chembe tu, nazo huwaka kila mwaka, Oktoba na tena mwanzoni mwa Mei. Vile vya Mei huonekana vizuri zaidi kusini mwa Ikweta, na kilele chake ni karibu na tarehe 6, kabla ya mapambazuko, juu ya Milima ya Livingstone, saa ambayo wavuvi wa usipa wanazima karabai zao.