Herufi kubwa si pambo tu

Juzi mwanafunzi wangu mmoja alinitupia swali: "Mwalimu, hivi herufi kubwa zina kazi gani? Kwenye simu mbona tunaelewana bila hizo?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikamjibu kwa kisa cha Winchester, Uingereza.

Katika kanisa kuu la mji huo mna Biblia ya Kilatini iliyonakiliwa kwa mkono katika karne ya 12 juu ya ngozi za ndama. Biblia za zama hizo hazikuwa na nambari za aya. Je, msomaji angejuaje pale kitabu kimoja kinapokwisha na kingine kuanza? Herufi ya kwanza ndiyo iliyompigia hodi. Ile I inayofungua kitabu cha Mwanzo ni ndefu ajabu, na imebeba miduara saba ya picha, kutoka uumbaji hadi hukumu ya mwisho. Nayo B ya Zaburi, mwanzo wa neno la Kilatini lenye maana ya 'heri', inamwonyesha Daudi akipambana na dubu na simba. Jicho liliambiwa habari kabla ya ulimi kutamka neno.

Kazi hiyo haikukamilika. Herufi nyingine zimechorwa kwa wino tu. Nyingine zimepakwa dhahabu lakini hazina rangi. Kwa kasoro hiyo tunajua hatua za mafundi: mchoro kwanza, dhahabu ikafuata, rangi mwisho.

Linaloniuma ni hili. Baadhi ya herufi hizo zilikatwa na watu waliovutiwa na uzuri wake. Walidhani wanabeba pambo, kumbe ngozi iliandikwa pande zote mbili! Kila herufi iliyokatwa iliondoka na maneno yaliyokuwa nyuma yake. Leo msomaji akifika hapo anakuta tundu, na sentensi za upande wa pili zimekatika.

Mwanafunzi wangu hajakosea kuhusu simu. Ujumbe wa maneno matano una mwanzo unaoonekana bila msaada. Ila hebu mpe insha ya kurasa kumi isiyo na herufi kubwa hata moja, kisha umwulize sentensi ya nne inaanzia wapi. Nilifanya hivyo papo hapo darasani. Aliitafuta, akaitafuta, mwishowe akaomba kalamu nyekundu.