Uharibifu katika Dini: Watawa wa Buda na Wapadri wa Kristu

Mara nyingi tunasikia Wakristu wakisema kwamba dini ya Buda imejaa ushirikina na tamaa ya feza. Je, tupime dini ya wengine kwa zambi zao, na dini yetu kwa watakatifu wake? Historia inatukataza.

Buda aliwakataza watawa wake kupokea zahabu na feza, tena kuishi kwa kupiga ramli. Lakini katika kisiwa cha Seilani (Sri Lanka ya leo), mwanzoni mwa miaka ya 1700, walinzi wa mahekalu, walioitwa ganinnanse, walikuwa na wake, waliwaachia jamaa zao mashamba ya hekalu, na walitazama nyota ili wapate mali. Hakukubaki hata mutawa mumoja mwenye daraja kamili.

Na kwetu? Mwaka wa 1514 Albrecht, aliyekuwa tayari askofu mukuu wa Magdeburg, alipata tena jimbo la Mainz, akakopa feza kwa matajiri Fugger. Ili deni lilipwe, mwaka wa 1517 Tetzel alihubiri indulgensya, na nusu ya sadaka ilikwenda kwa Fugger. Watu wadogo wakafikiri kwamba rehema ya Mungu inanunuliwa sokoni.

Dawa pia ilifanana: mafundisho. Mwaka wa 1563 Konsilio la Trento lilikataza faida mbaya ya indulgensya, na tarehe 15 Julai mwaka ule ule liliagiza majimbo yaanzishe seminari. Kule Seilani mutawa Saranankara aliwafundisha vijana lugha ya Pali na sheria ya watawa; kisha mufalme akaomba musaada Siam, na mwaka wa 1753 mutawa Upali akafika na kurudisha daraja. Lakini tangu mwaka wa 1764 daraja hiyo ikafungiwa tabaka moja tu, la Goyigama.

Kuna tofauti. Kwao, watawa wa kweli wakiisha, daraja inakatika, mpaka itolewe kwingine. Kwetu, kama Mutakatifu Augustino alivyowajibu Wadonati, Kristu mwenyewe ndiye anayebatiza, hata mukono wa mutumishi ukiwa muchafu. Lakini hii si ruhusa ya uchafu: kule Ujeremani neema ya sakramenti haikukatika, ila Wakristu wengi walikatika na Eklezya.

Kwa hivi tusiihesabu miaka ya seminari kuwa muzigo. Padri asiyefundishwa vema atauza, na watu wasiofundishwa naye watanunua.