Theluji si barafu

Mwanzoni mwa Januari, Tromsø, kaskazini mwa Norwei. Saa tano asubuhi mbingu bado buluu nzito, kwani huko jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Nilinyoosha kiganja, chembe nyeupe ikatua, nyepesi kuliko unyoya wa kifaranga. Nikasema, "Barafu!" Hatua chache mbele mguu ukateleza juu ya maji yaliyoganda, magumu kama kioo. Ile ndiyo barafu. Ya kiganjani ilikuwa theluji.

Sisi wa pwani barafu tunaijua: ya mabonge, ya kupozea samaki. Ndiyo maana neno hilo hutangulia mdomoni. Theluji tumeipata kwa Waarabu, thalj. Barafu asili yake ni Kiajemi, barf, na (hili hunisisimua kila nikilikumbuka) kwa Waajemi barf ni theluji yenyewe! Kwa Kihindi neno hilo hubeba maana zote mbili. Lilipofika pwani yetu, pasipodondoka theluji, likashika kilichokuwepo: kile kigumu.

Wapandao Kibo, kilele cha Kilimanjaro, hukanyaga vyote viwili. Naomba wavitaje kwa majina yake.