Protini za vifuko vya minyoo wa kichocho

Vifuko vya nje ya seli ni vipakiti vyenye utando wa mafuta ambavyo karibu kila seli hai huvitoa. Vingi vina upana wa nanomita 30 hadi 150, na hubeba protini, mafuta na vipande vya RNA. Mwaka 1983 maabara ya Rose Johnstone huko Montreal na nyingine ya St. Louis, Marekani, zilieleza jinsi chembe changa nyekundu za damu, za kondoo na za panya, zinavyovitema. Kwa miaka mingi vilichukuliwa kuwa taka tu.

Mnyoo wa kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, naye hutoa vifuko hivi, na hapo ndipo mji wa Kisumu, Kenya, unapoingia. Ufukweni mwa Ziwa Victoria, konokono wa jenasi ya Biomphalaria hukaa kwenye matete na magugu maji, wakimwaga viluwiluwi vya mnyoo huyo vinavyopenya ngozi ya yeyote aliye majini. Minyoo waliokomaa huishi miaka kadhaa katika mishipa ya utumbo, wamezungukwa na damu yenye kinga inayopaswa kuwaua. Wanadumuje? Sehemu ya jibu inatafutwa katika shehena ya vifuko vyao.

Ili kuipata shehena hiyo, minyoo huwekwa katika maji lishe, kisha maji hayo huzungushwa kwenye mashine: kwanza polepole ili mabaki mazito yatuame, halafu kwa nguvu inayofikia mara 100,000 ya mvutano wa dunia. Protini za vifuko hukatwa kwa kimeng'enya cha tripsini, spektrometa ya masi hupima vipande, na kompyuta huvilinganisha na jenomu ya mnyoo iliyochapishwa mwaka 2009. Mwaka 2016 Javier Sotillo na wenzake, nchini Australia, walitambua protini 83. Katika damu ya mgonjwa kazi ni ngumu mno, kwa kuwa albumini, protini iliyojaa katika damu, na vifuko vya mtu mwenyewe hufunika vile vya mnyoo.

Miongoni mwa protini hizo 83 zimo tetraspanini, yaani protini zinazopita kwenye utando mara nne. Mojawapo, Sm-TSP-2, ilijulikana tangu 2006, pale kingamwili za Wabrazili wasioambukizwa kirahisi zilipoonekana kuikamata. Kisumu ina watu wa namna hiyo. Waosha magari huingiza gari ziwani na kusimama majini wakilisugua, siku nenda rudi. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wenye kituo Kisian karibu na Kisumu, pamoja na wenzao wa Marekani waliwafuatilia, wakiwapa dawa ya prazikwanteli kila walipoambukizwa tena. Ripoti ya 2002 katika jarida la Lancet ilionyesha kwamba baadhi yao walijenga ukinzani baada ya kutibiwa mara kwa mara, ilhali wengine waliambukizwa upesi kama awali. Kwa maoni ya mwandishi, hakuna kundi linalofaa zaidi kuulizwa ni protini ipi ya vifuko ambayo kinga ya binadamu hujifunza kuitambua.

Prazikwanteli huua minyoo waliokomaa lakini haizuii maambukizi mapya, ndiyo maana chanjo inatafutwa. Ile ya Sm-TSP-2 imefikishwa kwenye majaribio ya binadamu Marekani, Brazil na Uganda.