Swichi Ndani ya Habu: Historia ya Kuzima Tundu la USB kwa Programu

Kukata umeme wa tundu moja la habu ya USB, yaani kifaa kinachogawa tundu moja la USB kuwa mengi, kwa amri ya kompyuta ni jambo la zamani sawa na USB yenyewe. Kanuni za kwanza, zilizotolewa Januari 1996 na kampuni saba, zikiwemo Intel, Microsoft, IBM na NEC, tayari zilikuwa na ombi la kuwasha tundu na ombi la kulizima.

Chanzo chake kilikuwa uhaba wa umeme. Kwa kanuni hizo, kifaa kinapochomekwa huruhusiwa kuvuta miliampea 100 tu, kwa volti 5, mpaka kijitambulishe. Baada ya hapo kinaweza kuruhusiwa hadi 500. Habu inayotegemea umeme wa kompyuta hujiwekea 100 na kubakiwa na 400, yaani matundu manne ya 100 kila moja. Kama matundu hayo yangekuwa hai kabla habu haijaruhusiwa kuvuta 500, hesabu ingevurugika. Kwa hiyo habu za aina hiyo zililazimishwa kuwa na swichi. Zenye adapta yake ya umeme ziliachiwa hiari, na hiari hiyo ndiyo iliyoleta usumbufu wote uliofuata.

Ombi lenyewe ni fupi: aina ya amri na namba ya tundu. Chipu ya habu ikilipokea, hubadilisha volti kwenye pini yake moja, na pini hiyo huamuru swichi ndogo ya transista iliyokaa kwenye njia ya volti 5. Swichi kwa kila tundu ni gharama. Baadhi ya watengenezaji waliweka moja kwa matundu yote, jambo ambalo kanuni zinaliruhusu. Wengi hawakuweka kabisa. Ubaya ni kwamba chipu hujibu vilevile: tundu limezimwa, mawasiliano yamekatika, lakini taa ya kifaa inaendelea kuwaka kwa sababu volti 5 hazijaguswa. Mbaya zaidi, habu kadhaa hujitangaza kuwa zinaweza kuzima kila tundu peke yake ilhali ndani hamna swichi hata moja.

Kwa miaka mingi watumiaji wa kawaida hawakuwa na chombo cha kutuma ombi hilo. Mwaka 2006 Niibe Yutaka wa Japani aliandika hub-ctrl, programu ya faili moja la lugha ya C. Kiini cha Linux nacho kilipopata uwezo wa kulaza vifaa vya USB visivyotumika, wengi walidhani kulaza ni kuzima. Sivyo: kifaa kilicholazwa hunyamaza na kupunguza matumizi, lakini volti 5 hubaki palepale, na modemu iliyoganda haiponi.

Hitaji liliongezeka Raspberry Pi ilipoingia sokoni mwaka 2012. Kompyuta hizo za bei nafuu ziliachwa peke yake mbali na mafundi, na modemu au kamera ikiganda hapakuwa na mtu wa kuichomoa. Programu ya uhubctl, ya Vadim Mikhailov, inayotuma ombi lilelile la kuzima au kuwasha tundu, ndiyo iliyokuja kutegemewa. Thamani yake kubwa imo katika orodha ya habu zilizojaribiwa na kuthibitika kukata umeme kweli. Bila orodha hiyo mnunuzi angebahatisha, kwani boksi la dukani halisemi. Kwenye Raspberry Pi B+, 2B na 3B, kuzima tundu namba 2 la habu ya ndani huzima matundu yote manne ya nje kwa mkupuo.

USB 3.0, ya mwaka 2008, iliongeza ugumu. Ndani ya kasha moja mna habu mbili, ya mwendo wa zamani na ya mwendo mpya, zinazotumia waya uleule wa umeme. Umeme hukatika pale tu pande zote mbili zikizimwa. Anayezima upande mmoja hukuta kifaa kimehamia upande wa pili.

Tatizo jingine lilikuwa kiini cha Linux chenyewe, ambacho kiliweza kuwasha tena tundu lililozimwa na programu ya nje bila kujua kuwa lilizimwa kwa makusudi. Toleo la 6.0, la Oktoba 2022, lilileta faili liitwalo disable kwa kila tundu: likiandikwa 1, kiini chenyewe hukiondoa kifaa na kulizima tundu, likiandikwa 0, hulirudisha.